Sifuri Yenye Mstari

"Weka kidole hapa, mama," alisema Lazarus Odero, akisukuma kikopo cha wino mpaka ukingoni mwa meza.

"Najua kuandika," Peres alisema.

"Basi ni vizuri zaidi. Andika jina lako hapa chini, na tarehe ya leo."

Peres hakuishika kalamu. Barua ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu, na Odero alikuwa amemsomea kwa Kiswahili upesi upesi, kama mtu anayesoma bei za mboga. Alisoma kwamba marehemu Zedekiah Were, aliyekuwa karani wa hesabu za mashine katika kampuni ya Nyanda Computer Bureau, kati ya Januari na Aprili mwaka huu wa 1971, kabla ya kufa kwake, alimpunguzia mteja mmoja, Tarlochan Singh, dakika za kompyuta ambazo mteja huyo hakustahili kupunguziwa. Kwamba hasara ilikuwa shilingi elfu kumi na mbili, mia tisa na ishirini. Kwamba mjane wake anayakubali hayo. Kwamba kampuni, kwa huruma yake, itampa nusu ya akiba ya marehemu, yaani shilingi elfu moja na mia sita, naye hatadai kitu kingine.

"Kwa hiyo mnasema aliiba," Peres alisema.

"Mimi sijasema aliiba. Tafuta neno la kuiba hapo kama utaliona."

"Kumpa mtu mali ya kampuni bila ruhusa kunaitwaje kwenu hapa?"

Odero alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai. Alikuwa afisa wa wafanyakazi, mtu mpole wa sauti, na dirisha lake lilitazama Government Road. "Mama, sisi ni watu wa nyumbani. Nilikuja matangani, nikala kwako. Kama ningetaka kukuumiza, hii kitu ingekuwa polisi zamani. Mtu amekwisha kufa. Jina halileti ugali."

"Nionyeshe alichoandika."

Odero aliinua bunda la karatasi za pinki lililofungwa kwa mpira, akalionyesha kwa mbali kama mtu anayemwonyesha mtoto kiberiti, akalirudisha kwenye droo. "Ni mambo ya mashine. Hata mimi mengine siyaelewi. Mkono ni wake, hilo hakuna anayebisha."

Peres aliikunja barua mara nne akaitia mkobani.

"Tarehe thelathini tunafunga mwezi," Odero alisema. "Ni Jumatano. Baada ya hapo hata hiyo nusu, mimi sina nguvu nayo."

&nbsp;

Nyumbani Waithaka Peres alikuta kuna foleni bombani. Alitua debe lake nyuma ya wengine. Mwanamke mmoja wa nyumba ya pili akageuka, akasogeza ndoo yake kando kwa heshima nyingi mno.

"Pita, mama, chota wewe kwanza. Wenye pesa za Kalasinga hawapangi laini na sisi."

Wengine wawili walicheka chini chini. Peres hakupita. Alingoja zamu yake, akachota, akajitwika, na maji yalimmwagikia shingoni kwa kuwa shingo ilikuwa imekakamaa. Kwa hiyo habari ilikuwa imemtangulia. Kulikuwa na karani mmoja wa kampuni ileile aliyepanga karibu na kanisa, na huyo kinywa chake hakikuwa na mlango.

Tobias, mdogo wa marehemu, alikuwa ameketi kizingitini akibandua udongo mwekundu miguuni kwa kijiti. Wiki nzima alikuwa mtaa wa Karen akichimba mashimo ya nguzo za seng'enge.

"Umetia sahihi, shemeji?"

"Sikutia."

"Ulisahau kalamu?"

Peres alitua debe. Tobias alimfuata ndani.

"Elfu moja na mia sita, Mama Philister. Mimi nachimba kwa shilingi tano kwa siku. Unajua hizo ni siku ngapi?"

"Mia tatu na ishirini," alisema Philister, mtoto wa miaka tisa, bila kuinua macho kwenye daftari lake.

"Hakuna aliyekuuliza," mama yake alimwambia.

"Mwache, amesema kweli. Siku mia tatu na ishirini za mgongo wangu, na wewe unaziacha mezani kwa Odero. Umoja wa watu wa nyumbani walitukopesha mia tisa za lori lililobeba jeneza. Mweka hazina amenifuata hata kazini. Alisimama kwenye seng'enge ya mzungu akaniita jina langu lote, mzungu anasikia."

"Tobias, ndugu yako alikuwa mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Basi wewe na Odero mlisoma shule moja. Hakuna anayesema, lakini mnataka mimi niandike."

Tobias alikivunja kile kijiti. "Kama hakufanya, mbona mkono ni wake?"

Peres alimpa mgongo. Alikoka moto, akaweka sufuria, akasimama akiitazama mpaka maji yakaanza kusema. Ndipo akasema, "Kesho nakwenda kwa huyo Kalasinga."

"Kumwambia nini? Kwamba unataka chenji?"

"Kumuuliza kama alimpa mume wangu kitu. Ninataka kumtazama machoni akinijibu."

&nbsp;

Karakana ya Tarlochan Singh, huyo Kalasinga, ilikuwa mtaa wa Grogan. Aliunda mabodi ya malori na mabasi, na alikuwa na mafundi wengi kiasi kwamba mishahara yao na hesabu ya mbao vilipelekwa kwenye kompyuta kila mwezi. Alikuwa mtu mnene mwenye vumbi la mbao ndevuni. Aliposikia jina la Were alisimama.

"Kampuni natuma wewe? Mimi nasema kwa wao tayari. Hii bill wao wenyewe naandika, mimi nalipa. Sasa wao nasema mimi nakula na bwana yako."

"Sikutumwa. Ninauliza mwenyewe. Ulimpa chochote?"

"Hata soda hapana." Aliupiga mkono mezani, si kwa nguvu. "Kila kitu ikipotea Nairobi hii, watu nasema Muhindi natoa chai. Bwana yako nakuja hapa mara moja tu, naleta bill, nasimama pale. Mimi nasema keti, yeye nasema hapana, iko kazi."

Peres aliamini, kwa sababu ndivyo Zedekiah alivyokuwa: hakuketi kwa watu. Aliomba aonyeshwe hizo bili. Singh alisitasita, kisha akafungua kabati la chuma.

Alimweleza mambo polepole, na Peres alielewa zaidi ya alivyotazamia. Kampuni iliuza muda wa mashine kwa dakika, kama vile mwenye trekta anavyouza ekari. Siku za kazi, mashine yenyewe ilihesabu dakika za kila mteja. Lakini Jumapili bei ilikuwa nusu, shilingi tano kwa dakika, na saa ya mashine ya kuhesabia dakika haikuunganishwa. Mwendesha mashine aliandika muda kwa mkono, na Jumatatu Zedekiah aliuingiza kwenye karatasi ya pinki, karatasi ileile iliyotumika pia kumrudishia mteja dakika zake pale mashine ilipoharibika katikati ya kazi. Karatasi moja, kazi mbili: kuongeza na kupunguza.

"Hapa," Singh alisema, akaweka kidole. "Jumapili ya Januari. Hii CR mbele yake, maana yake wao narudisha kwa mimi. Mimi nafikiri discount. Mtu napunguziwa mzigo, nauliza kwa nini?"

Peres aliigeuza barua ya Odero na kunakili nyuma yake. Januari 346. Februari 286. Machi 316. Aprili 356. Aliziangalia tarakimu zile muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyayo.

"Zote zinaisha na sita."

Singh aliinama. "Sita. Sita." Akavuta kijitabu cha jalada jeusi kutoka mfuko wa koti. "Mimi Jumapili nakaa kwa gari chini ya office, nangoja. Naandika saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Januari: saa mbili mpaka saa nane kasoro dakika ishirini. Hiyo ni mia tatu arobaini. Februari, mia mbili themanini. Machi, mia tatu na kumi. Yule operator naandika kumi-kumi tu. Sita natoka wapi?"

"Sijui," Peres alisema. "Lakini mwizi gani anaiba sita kila mwezi?"

Singh alimtazama, halafu akazikusanya zile bili nne akampa. "Chukua. Rudisha. Lakini mimi hapana ingia kwa maneno ya office. Karatasi yangu ya uraia iko kwa meza ya serikali."

&nbsp;

Nthenya aliishi Kawangware, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikuwa mmoja wa wanawake waliotoboa kadi za kompyuta pale kampuni. Waliitwa "wasichana wa kadi", ingawa yeye alikuwa na miaka thelathini na minane na watoto watatu. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi na makarani, wao walikipiga kwenye kadi, tundu kwa tundu, na mashine ilisoma kadi. Karatasi za pinki za Zedekiah zilipita mikononi mwake peke yake.

Ilikuwa Jumapili mchana naye alikuwa anafua. Alipowaona Peres na Tobias langoni aliinuka, povu likimtiririka viwikoni.

"Mama Philister, karibu. Pole tena. Lakini nakuomba, usiniulize mambo ya ofisini. Nina hawa watatu na baba yao hayupo."

"Nitakuuliza sita tu," Peres alisema. "Kwenye mashine yenu, sita ni nini?"

Nthenya alicheka kwa mshangao. "Sita ni sita."

Peres alimpa zile bili. Nthenya alifuta mikono kwenye kanga, akasoma moja, akasoma ya pili. Kicheko kilimtoka usoni. Aliketi kwenye jiwe la kufulia, akachovya kidole katika povu na kuandika kwenye saruji.

"Kadi ni ndogo. Haina nafasi ya alama ya kutoa. Kwa hiyo mteja akirudishiwa dakika, ile namba ya mwisho tunaibadilisha kuwa herufi. Moja ni J. Mbili ni K. Tatu L, nne M, tano N." Akachora duara. "Sita ni O. Mashine ikikuta O mwishoni inajua hii ni sita, na inajua ni ya kupunguza."

"O na ziro mnazijuaje? Zote ni mayai," Tobias alisema.

"O tunaikata mstari." Alikata duara lake kwa ukucha. "Mwalimu aliyetufundisha mwaka wa sitini na sita alisema hivyo, na hivyo ndivyo tunavyofanya. Yenye mstari ni herufi. Isiyo na mstari ni ziro."

Peres aliliangalia lile duara mpaka povu likaanza kukauka.

"Zedekiah alikuwa anakata ziro," alisema.

"Hapana, mama. Alikuwa anakata O."

"Nthenya, sikiliza. Mwezi wa pili nilikosana naye kwa ajili ya ziro. Aliandika kwenye kitabu cha dukani kwamba tumelipa shilingi kumi. Mwenye duka akaona ile ziro ina mstari, akasema hiyo kumi imefutwa, hamjalipa. Akaninyima mafuta ya taa mbele ya watu. Nilirudi nikamfokea. Akacheka, akasema kazini kuna amri mpya tangu Januari, ziro ndiyo inayokatwa, na mkono wake umeshazoea."

"Amri gani?"

"Sijui. Alisema amri."

"Sisi hatukuletewa amri yoyote." Nthenya alisimama, akaketi tena. "Inabandikwa wapi? Amri zinabandikwa chumba cha chai, juu. Sisi haturuhusiwi kupanda. Odero alisema wasichana wa kadi wanywe chai hapohapo kwenye mashine, wakipanda wanachelewa kurudi."

Alichukua bili ya Januari akaishika kwa mikono miwili. "Aliandika mia tatu na arobaini. Akaikata ziro kama walivyomwambia. Mimi nikaona O, nikapiga O. Mashine ikasoma mia tatu arobaini na sita, ya kupunguza." Sauti yake ilishuka. "Ni mimi niliyepiga."

"Sita, sita, sita, sita," Tobias alisema polepole. "Hata mwizi angechoka akaiba saba."

Ndipo ilipojulikana kwamba Tobias amehama upande.

Nthenya alikuwa bado anafuata uzi wake. "Na mwaka huu kulikuwa na wateja wawili waliolalamika. Walipaswa kurudishiwa, wakatozwa badala yake. Zedekiah aliandika O bila mstari, nami nikapiga ziro. Odero alinikata shilingi ishirini mara mbili. Aliniambia macho yangu yamezeeka. Nilikwenda mpaka kwa daktari wa macho, Mama Philister. Nililipa pesa za daktari."

Watoto wake walikuwa wameacha kucheza wakimtazama.

"Nikisema, wataniuliza mbona nilipiga," alisema.

"Sikuombi useme," Peres alijibu. "Nakuomba kitu kimoja. Jumatano nitaingia chumbani kwenu. Usiniambie nitoke."

&nbsp;

Jumatatu Peres alirudisha zile bili Grogan, akamweleza Tarlochan Singh sita ilikotoka. Singh alisikiliza mpaka mwisho akipiga hesabu chini kwa chini, midomo ikimcheza.

"Kwa hiyo bwana yako hapana mwizi, na mimi iko na deni elfu kumi na mbili."

"Mia tisa na ishirini," Peres alisema.

"Wewe mama nakuja hapa na shida yako, naondoka, naachia mimi yangu." Aliangua kicheko kikubwa kilichogeuka kikohozi. Halafu alitoa kile kijitabu cheusi mfukoni akamwekea mkononi, bili nne juu yake. "Onyesha wao. Saa zote iko ndani. Mimi nitalipa kidogo-kidogo. Mtu asiseme Tarlochan Singh nakula Jumapili ya bure."

&nbsp;

Jumatano, tarehe thelathini, Peres alivaa gauni lake jeusi la matanga na viatu vya kanisani. Tobias aliacha siku ya kazi akafuatana naye. Mlinzi wa mlangoni aliwauliza shida yao.

"Tumekuja kwa ile sahihi," Tobias alisema, akavua kofia, na mlinzi akawafungulia.

Peres hakupanda kwa Odero. Aligeuka kushoto, akafuata kelele. Chumba cha kadi kilikuwa na mashine kumi na moja na wanawake kumi na mmoja, na kilipiga kelele kama mabati chini ya mvua ya mawe. Ilikuwa siku ya kufunga mwezi. Masanduku ya kadi yalipangwa ukutani yakingoja kushushwa kwenye kompyuta kabla ya saa sita, maana bili za wateja wote zilitoka siku hiyo. Nthenya alimwona. Aliendelea kupiga, macho yake kwenye karatasi, wala hakumwambia atoke.

Haikupita muda Odero akaja, kalamu ikiwa tayari mkononi.

"Mama, umepotea njia. Ofisi yangu ni juu."

"Hapa panatosha." Peres alikunjua bili kwenye meza ya kwanza, akaweka kijitabu cheusi kando yake, na ilimbidi apaze sauti ili asikike. Alimwonyesha dakika za kijitabuni na dakika za bili. Alimwonyesha sita nne. Alimweleza habari ya mstari. Odero alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na rangi ya masikio yake ilibadilika kabla ya uso. Hakuwa mjinga. Peres alipofika sita ya tatu, yeye alikuwa ameshaelewa yote.

"Sawa," alisema, akamsogelea sikioni. "Nimekuelewa. Ni bahati mbaya. Ile barua nipe niichane. Kampuni itakupa akiba yote, elfu tatu na mia mbili. Ijumaa uje uchukue. Hakuna haja ya kelele."

"Na jina?"

"Jina gani tena? Barua ikichanwa, yamekwisha."

"Itachanwa hapa. Kwetu bombani haijachanwa. Nataka iandikwe nyingine, iseme mlikosea."

"Alikosea nani?" Odero aliinua kichwa sasa, na sauti yake ikasikika na meza za karibu. "Ukitaka tuandike nani alikosea, mama, tutaandika. Kama si karani, basi ni aliyepiga hizo kadi. Na aliyepiga anajulikana, yuko hapa na ana watoto. Hilo ndilo unalotaka?"

Nthenya aliondoa mikono kwenye mashine. Aliiweka mapajani. Aliyekuwa kulia kwake alimtazama, akamaliza kadi yake, naye akaacha. Kisha wa dirishani. Kisha wawili wa nyuma kwa pamoja. Kelele ilipungua kama mvua inavyoacha kijiji kimoja na kuendelea kunyesha cha pili, mpaka ikabaki mashine moja, ya msichana mgeni aliyeajiriwa Aprili, naye alipojisikia yu peke yake akashtuka akaacha katikati ya neno.

Odero aligeuka huku na huku. "Kuna nini? Ni saa nne na nusu. Pigeni kazi."

Nthenya alifungua mkoba wake, akatoa karatasi yenye matundu ya pini pembeni. "Jana nilipanda chumba cha chai, Bwana Odero. Nilibeba sinia, watu wakadhani nimetumwa. Hii ilikuwa chini ya kalenda." Aliisoma kwa sauti ya wastani, akiigeuza Kiswahili neno kwa neno. "Tarehe nne Januari, 1971. Kuanzia leo, mstari ukatwe kwenye sifuri, usikatwe kwenye herufi O. Wakuu wa idara wawaambie walio chini yao." Akainua macho. "Mkuu wa chumba hiki ni nani?"

Wote walijua. Tangu msimamizi wao wa zamani arudi Uingereza, mkuu wa chumba alikuwa Odero mwenyewe.

"Na sahihi hii hapa chini, ya mkuu aliyekwisha kuisoma, ni ya nani?" Nthenya aliuliza. "Macho yangu yamezeeka."

Simu ya ukutani ililia. Mwanamke wa dirishani aliipokea, akasikiliza, akaifunika kwa kiganja. "Ni wa mashine, chini. Wanauliza kadi zitashuka lini. Meneja amesimama hapo."

"Waambie zinakuja," Odero alisema.

"Zinakuja?" yule mwanamke aliuliza, si kwake, kwa Nthenya.

"Bado," Nthenya alisema.

Odero aliketi. Alivuta bunda la karatasi za pinki tupu kutoka rafu, maana hizo dakika za Jumapili zisingerudi kwenye hesabu bila karatasi mpya nne za kuzirekebisha, na kila karatasi ilikuwa na mahali pa kuandika sababu, na mahali pa jina la mwenye kosa. Aliandika ya kwanza akampa Nthenya. Nthenya aliisoma.

"Umeandika kosa la mpigaji kadi. Hiyo sipigi."

Odero aliichana, akaandika nyingine.

"Kosa la karani. Hiyo pia sipigi."

Simu ililia tena na hakuna aliyeipokea. Tobias alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, udongo wa Karen bado uko kwenye viatu vyake, akimtazama afisa wa wafanyakazi kama mtu anayemwangalia mwenzake akichimba shimo la kwanza maishani mwake. Odero aliandika mara ya tatu. Safari hii aliandika polepole. Sababu: amri haikufikishwa. Jina: L. Odero. Akaandika ya pili, ya tatu na ya nne vivyo hivyo, na kwenye kila tarehe na kila hesabu alilazimika kufikiri kabla ya kuikata sifuri.

"Sasa barua," Peres alisema.

Aliandika mistari sita ya Kiingereza.

"Kiswahili. Wanaoniita mke wa mwizi hawasomi Kiingereza."

Alichukua karatasi nyingine. Alipomaliza aliipiga mhuri, akamnyooshea. Peres aliisoma yote, kidole chini ya kila neno, bila haraka, wakati simu ikilia kwa mara ya tatu. Kisha akamrudishia.

"Isome."

"Umeshaisoma."

"Wao hawajaisoma. Walifanya kazi na mume wangu miaka mitano. Simama, uisome."

Odero aliwatazama wanawake kumi na mmoja. Miongoni mwao walikuwamo waliojua kwamba mwezi ujao watatafutiwa sababu ya kufukuzwa, na Nthenya alijua kwamba atakuwa wa kwanza. Hakuna aliyegusa mashine. Odero alisimama. Alisoma kwamba kampuni ya Nyanda Computer Bureau inathibitisha ya kuwa Zedekiah Were, karani, alifanya kazi yake kama alivyoamriwa, kwamba hakumpa mtu yeyote kisichokuwa chake, kwamba hakuiba.

"Wa nyuma hamkusikia," Peres alisema.

"Hatukusikia," wa nyuma walisema, ingawa chumba kilikuwa kimya kiasi cha kusikia magari ya Government Road.

Odero alisoma tena, kwa sauti ya juu zaidi. Safari hii, alipofika kwenye jina la mumewe, Peres alifumba macho, na alipofumbua yalikuwa makavu. Aliichukua barua, hakuikunja, akaishika wazi jinsi ilivyo.

"Ile akiba yake," alisema, "nitakuja Ijumaa, saa tatu. Isipungue hata senti."

Nthenya aliweka karatasi ya pinki ya kwanza mbele yake, akapiga. Wa kulia kwake akapiga, na wa dirishani, na wa nyuma, mpaka kelele ikarudi yote. Odero alisema jambo fulani, midomo yake ilionekana ikicheza, akalirudia, lakini katikati ya mashine zile kumi na moja hakuna aliyelisikia.